Zimwi Yule wa Nyandeng

Jumamosi, 6 Oktoba 2012. Lodwar

Nimesahihisha insha za Kidato cha Pili mpaka adhuhuri. Nikaoga, nikavaa gauni la kijani, nikaenda redioni kwa miguu. Mchanga usoni njia nzima. Nimesoma sura ya vita vya Bonde la Ngao, nusu ya kwanza na nusu ya pili, bila kukwaa hata mara moja.

Ekal alifurahi, au alijifanya. Tunajuana tangu chuo cha ualimu. Yeye aliacha chaki akashika maikrofoni, na ndiye aliyenipa saa ya hadithi kila Jumamosi alasiri. Tulipomaliza akasema, huku akikunja nyaya, kwamba kuanzia wiki ijayo saa hiyo tutaigawa. Kuna mwanamke Kakuma, mkimbizi wa Sudan Kusini, mwalimu wa shule ya msingi kambini. Anaandika mambo kama yangu. Mazimwi, mito ya ajabu.

Kama yangu. Nchi ya Sarumbe nimeijenga tangu nikiwa msichana. Ramani yake iko ukutani kwangu kwenye karatasi ya manila. Wafalme nawajua mpaka bibi zao. Uchawi wake una sheria, na sheria hazivunjwi. Watu wa milimani wana lugha yao, na lugha hiyo nimeitungia sarufi. Hakuna mwingine Turkana nzima anayefanya hivyo.

Nimemwambia Ekal sawa. Si sawa.

Jumapili, 7 Oktoba

Mama amepiga kutoka Kalokol. Nikamwuliza kama alisikiliza jana. Alisikiliza, alikuwa akigeuza samaki juani na redio iko kando. Kisha akalala kidogo.

"Hiyo wafalme yako ni mingi, Akiru. Mimi nachanganya."

Niliumia.

Jumamosi, 13 Oktoba

Alisoma kwa simu. Kambini hutoki bila karatasi ya ruhusa, na yake haikutoka. Laini ilikuwa inakwaruza. Jina lake ni Nyandeng.

Hadithi yake haina ramani. Haina hata jina la nchi. Kuna mto. Kila anayevuka, mto unamnyang'anya jina moja, na hujui litakuwa lipi. Ng'ambo anaishi zimwi. Zimwi ameiba mtoto. Mama wa mtoto anavuka kumfuata, na jina ambalo mto unachukua ni la mtoto wake. Sasa yuko ng'ambo, na hajui aite nini.

Basi. Akasema asante, akakata simu.

Kiswahili chake kibovu. "Hiyo mto ilikuwa inakula majina." "Mama akaenda na akaenda na akafika." Nilikuwa na kalamu mkononi, nikiorodhesha makosa kwa mazoea ya kazi. Baada ya muda nikaona nimeacha kuandika. Nilikuwa nasikiliza.

Simu zikaingia. Mimi hupigiwa na wachache, kunisalimia na kuomba wimbo. Leo Ekal alilazimika kuwakatiza watu ili taarifa ya habari ianze.

Wivu. Naliandika neno lenyewe ili lisinizunguke.

Jumamosi, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, lakini kipindi kilikuwepo. Nilisoma mimi kwanza. Kisha yeye. Mama akapiga jioni. Hakuuliza habari za sura yangu.

"Yule mama ameona moshi ya zimwi. Sasa atafanya nini?"

Nikamwambia sijui, mimi si mwandishi wa hadithi hiyo. Akasema, "Muulize."

Jumamosi, 17 Novemba

Amepata ruhusa, amekuja Lodwar. Nilitaka awe mfupi na mwenye sauti ya kukera. Ni mrefu, anacheka kwa urahisi, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la barabara. Ekal alitupeleka kula pilau ya mbuzi karibu na stendi. Wahudumu walipomsikia akiongea walimtambua. "Ni wewe wa mto!" Mimi nimekula pale miaka yote.

Baadaye akaomba kuona ramani. Ekal ndiye aliyemwambia ipo. Nikampeleka nyumbani. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akifuata mito kwa kidole bila kugusa karatasi. Nilijawa na fahari. Nikaanza kumweleza: hapa Wasarumbe, watu wa nuru. Kule kusini, kwenye matope meusi, Magoru. Magoru yalizaliwa na uovu, hayana huruma, hayana nyimbo. Katika sura ya mwisho yanauawa yote na nchi inapona.

"Hawa Wagoru," akasema.

"Magoru."

"Kwa nini si Wagoru? Si wanaongea? Si wanashika mkuki?"

Nikamwambia ni viumbe wabaya, nimeyaweka kwenye ngeli ya LI-YA kwa makusudi. Goru lile, magoru yale. Sarufi yenyewe iyadharau.

Akauliza, bila ubishi wowote, kama mtoto anayeuliza bei ya sukari: "Na mama zao je, wako wapi?"

Nina majina ya farasi wa mfalme. Sina jina la mama hata mmoja wa kusini.

Ili nimrudishie, nikamwuliza mto wake unaanzia wapi, unamwaga maji wapi, na kwa nini unataka majina. Hadithi ya namna hii lazima iwe na misingi. Akacheka.

"Mimi najua? Mimi nilivuka tu."

Jumapili, 18 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikibishana naye kichwani na nikishinda kila mara. Nilimwambia: mwandishi asiyejua mto wake unaanzia wapi ni mvivu. Nilimwambia: msomaji anataka kujua nani mwema na nani mwovu, maisha yenyewe yamechanganyika vya kutosha, hadithi ndiyo mahali pa kupumzika. Hoja nzuri. Jana hazikuja.

Jumamosi, 8 Desemba

Siku mbaya kabisa.

Sehemu ya leo ya Nyandeng: mama wa mtoto amefika kwa zimwi akiwa na mkuki. Anachungulia. Zimwi anamlisha mtoto. Anapuliza uji upoe kabla ya kumpa. Mtoto amenona, anacheka, anamwita zimwi baba. Zimwi amempa jina jipya. Na mama amesimama nje, ana mkuki, hana jina.

Ekal akawauliza wasikilizaji: mngekuwa ninyi, mngefanya nini? Redio ikawaka moto. Katekista mmoja wa Lokori akasema mwizi ni mwizi hata akipuliza uji. Kijana wa Kakuma, kwa Kiswahili cha Kikongo, akasema yeye alilelewa na watu wasio wake na hajui angemchoma nani. Mwanamke akalia hewani. Kisha Ekal akasema, akitia salamu ya Kiturkana, "Tuna mama kutoka Kalokol, ejok mama, endelea."

Nikaitambua sauti kabla hajamaliza salamu.

Mama yangu. Mama ambaye hajawahi kupiga simu redioni. Anaogopa kumaliza salio, anaogopa Kiswahili chake kitachekwa. Alipiga. Akasema, "Hiyo zimwi asiuliwe. Mimi nasema. Na mtoto arudishwe. Yote mbili." Ekal akacheka, akamwuliza inawezekanaje. Mama akasema, "Huyo msichana atajua. Ana akili."

Nilikuwa nimekaa studio, kiti cha pembeni, sura yangu mkononi. Leo nilikuwa nimesoma maelezo ya ngome ya Sarumbe, milango yake na walinzi wake. Hakuna aliyeuliza hata mlango mmoja.

Nikatoka bila kuaga.

Jumatano, 12 Desemba

Jamhuri. Gwaride uwanjani, jua kali. Nilimwona Ekal, nikageukia upande mwingine.

Jumapili, 6 Januari 2013

Ekal amekuja nyumbani na habari. Mchapishaji mmoja wa Nairobi anatafuta riwaya ya Kiswahili ya mambo ya ajabu kutoka huku kaskazini. Amesikia habari za kipindi. Redio itapeleka miswada miwili, wangu na wa Nyandeng. Atachukua mmoja.

Kisha akaomba. Kiswahili cha Nyandeng kinahitaji kunyooshwa. Mimi ndiye mwalimu. Nyandeng mwenyewe ndiye aliyenipendekeza, anasema ananiamini. Atasoma toleo lililosahihishwa hata redioni, apate kuzoea.

Nilimwangalia Ekal kama ananitega. Hapana. Ndivyo alivyo, anadhani watu wote wana moyo kama wake.

Nikakubali haraka mno.

Jumamosi, 19 Januari

Karatasi zake zimefika, za daftari la shule, mwandiko wa duara. Nachapa kwenye kompyuta ya idara baada ya masomo. Wiki ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Nilirekebisha "hiyo mto" ikawa "mto huo". Nilikata "na akaenda na akaenda". Sentensi zilikaa sawa. Ajabu ni kwamba zilipokaa sawa zilipoa. Niliona. Niliendelea.

Jumamosi, 2 Februari

Leo nimefika kwenye zimwi.

Yeye ameandika kila mahali "zimwi alipuliza uji", "zimwi yule alikuwa na upweke". Sarufi inaruhusu. Kiumbe mwenye uhai huchukua A-WA, hilo nalifundisha Kidato cha Kwanza. Ukitaka kumdunisha ndipo unampa LI-YA. Najua vizuri kabisa.

Nimebadilisha zote. Zimwi lilipuliza uji. Zimwi lile. Lilikaa, lilicheka, likamshika mtoto. Kazi ya dakika chache kwa kompyuta. Halafu nikasoma tena, na zimwi lilikuwa limeshakuwa kitu.

Nilisikia raha. Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 9 Februari

Mwisho wa hadithi yake. Mama anaingia, anaweka mkuki chini. Zimwi anampa uji naye. Wanakaa watatu. Mama anasema amesahau jina la mwanawe. Zimwi analijua, kwa sababu mtoto alikuwa akilitaja usingizini miezi ya kwanza. Akilitaja, mtoto atamkumbuka mama na ataondoka. Akinyamaza, atabaki naye. Zimwi anakaa mpaka uji unapoa. Kisha analitaja.

Nilisoma mara tatu. Mwanafunzi akaingia kuuliza kitu, nikamfukuza ili asione uso wangu.

Na yote mbili, alivyosema Mama. Asiuliwe, na mtoto arudishwe. Msichana huyu kweli alijua.

Singeweza kuandika hivyo. Nina miaka mingi kuliko yeye, nina shahada, nina ramani. Singeweza.

Ndiyo sababu nimefuta.

Nimeandika mwisho mwingine. Mama anaingia, zimwi linanguruma, linaonyesha meno yaliyokuwa yamefichwa, mama analichoma, pepo linatoka, mto unarudisha majina yote. Nuru. Nimeweka na ukurasa mmoja wa kueleza mto unakoanzia. Nimejiambia: hadithi ilikuwa haijafungwa, nimeifunga. Nimejiambia: ndiyo kazi ya mhariri.

Jumamosi, 23 Februari

Leo amesoma mwisho. Kwa simu tena.

Nilidhani atakataa. Nilidhani atampigia Ekal wiki hii apige kelele, nami nimeandaa maneno ya kitaalamu. Hakusema chochote. Alisoma nilichoandika, neno kwa neno, kwa sauti ya mwanafunzi anayesoma ubaoni. Alipofika kwenye mkuki alikwama. Akarudia sentensi. Akamaliza.

Hakuna aliyepiga simu. Ekal alingoja, akaweka wimbo.

Mama alinipigia mimi.

"Nani ameua zimwi?"

Nikasema hadithi imekwisha hivyo, Mama.

"Hapana. Hiyo si maneno ya msichana. Hiyo ni ya kwako. Wewe unapenda kumaliza watu yote halafu jua inatoka."

Akakata. Mama yangu hajui kusoma jina lake. Amenitambua kwa mauaji.

Jumamosi, 2 Machi

Hakuna kipindi. Magari ya kampeni yana vipaza sauti kila kona, huwezi kusikia hata jirani. Ekal alinisimamisha sokoni, akauliza kama najua kwa nini Nyandeng alibadilisha mwisho. Nikasema labda aliogopa katekista.

Uongo wa haraka. Ulitoka kama salamu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua halina huruma. Mbele yangu akina mama wawili walikuwa wakiongea Kiturkana habari za zimwi. Mmoja alisema ameacha kusikiliza kipindi. Kama ndivyo hadithi inavyoisha, alisema, basi ni zile zile za siku zote.

Zile zile. Nilitazama kidole changu chenye wino mpaka nyumbani.

Jumamosi, 16 Machi. Kakuma

Nimekuja. Nimepanda pikapu ya mchele, na magari yalisubiriana ili yasafiri pamoja kwa sababu ya majambazi. Nilikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa afadhali kuliko ile nyingine.

Nyandeng anakaa nyumba ya matope yenye bati, karibu na kanisa lao. Hakushangaa kuniona. Akachemsha chai yenye tangawizi. Nikamwambia kabla sijainywa. Zimwi lile, LI-YA, mkuki, yote. Nikamwambia sarufi yake ilikuwa sahihi na nilijua. Nikamwambia na sababu.

Nilitaka apige kelele. Aliangalia mikono yake.

"Mimi nilifikiri Kiswahili ya vitabu inataka hivyo," akasema. "Nikasema, kumbe kwa hiyo Kiswahili, zimwi lazima afe. Nikasema mwalimu anajua."

Hakuna mtu aliyewahi kunichapa hivyo.

Kisha hasira yake ikaja, taratibu. Alisimama. Aliuliza kama najua alipotoa zimwi. Nikasema hapana. Akanieleza kwa maneno machache. Alikuwa mdogo, kijiji kiliungua, akapotezana na watu wake. Aliyemwokota njiani alikuwa mwanamke wa upande wa pili, wa wale waliochoma. Mwanamke huyo alikuwa amefiwa na mtoto wake. Alimpa jina la mtoto wake. Alimlisha njia nzima. Mpakani walikuta watu wa kwao Nyandeng. Mwanamke angeweza kupita kimya, msichana alikuwa ameshasahau lugha ya kwao. Hakupita. Aliwaita.

"Sasa wewe umemchoma," akasema. "Kwa redio."

Sikuomba msamaha wa kisomi. Nilisema, "Nimekosa, dada." Watoto wa jirani walikuwa wakichungulia mlangoni, akawafukuza kwa Kiarabu cha Juba, kisha akawaita tena akawapa mandazi aliyokuwa ameniandalia mimi.

Nilipoinuka kuondoka akasema karatasi zake zirudi kama zilivyokuwa. Zote. Hata "hiyo mto". Na nimletee nakala ya ramani.

Nikadhani sikusikia vizuri. Ramani ya Sarumbe?

"Ya darasa," akasema. "Ukuta yetu ni tupu." Hakucheka aliposema.

Nalala nyumba ya wageni ya Mhabeshi. Kuna joto na mbu. Nimestahili vyote.

Jumatatu, 18 Machi. Lodwar

Nimemwambia Ekal. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema hataki kuniona redioni kwa sasa. Sijabisha. Kisha akasema kitu kibaya zaidi: kwamba siku zote ameipenda Sarumbe, ameisikiliza kila Jumamosi, na alikuwa akingoja niweke mtu ndani yake.

Nimeurudisha muswada wa Nyandeng. Nimeacha "hiyo mto". Mahali pengine vidole vyangu vilitaka kusahihisha, nikavikalia. Miswada yote miwili imepelekwa Nairobi na mtu wa redio.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimechora ramani upya, siku nne za likizo. Nimetumia wino mweusi na kalamu za rangi za wanafunzi. Niliituma kwa dereva anayepeleka mboga Kakuma. Leo Nyandeng alisoma mwisho wake wa kweli redioni. Nilisikilizia nyumbani, peke yangu, mlango umefungwa. Mimi ndiye mtu pekee Turkana aliyejua kinachokuja, na bado nilishika kiti.

Simu zilipigwa mpaka Ekal akaacha taarifa ya habari ichelewe. Nilitaka zipigwe. Nilitaka pia zisipigwe. Nina mioyo miwili na yote ni ya kwangu.

Jumanne, 30 Aprili

Nyandeng ametuma ujumbe mrefu kwa simu, wa kwanza tangu Machi. Ramani iko ukutani. Watoto wa darasa lake wamechagua pa kukaa. Kila mmoja ameandika jina lake kwenye karatasi ndogo akaibandika. Wengi wamejaa kando ya mito. Watatu wamegombania kisiwa, ikabidi awaamue. Wanauliza maswali: shule iko wapi, nani anauza unga, ukitoka hapa mpaka mlimani kunahitaji ruhusa ya kutembea?

Msichana mmoja amejibandika kusini, kwenye matope meusi ya Magoru. Nyandeng alimwuliza kwa nini. Akasema kule kuna nafasi, na hakuna aliyemwambia asiende.

Mwisho wa ujumbe: "Mimi siwezi kuwapa hii. Kwa yangu hakuna pa kukaa."

Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Hajanisamehe, hilo haliko ndani yake. Lakini hakulazimika kuiandika.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefungua sura ya mwisho ya Sarumbe. Wameuawa wote, na nchi imepona. Nimeisoma kwa masikio ya Mama. Ni kweli, mimi napenda kumaliza watu.

Nimeandika ukurasa mmoja mpya. Mkesha wa vita, kijana wa Wagoru anaosha miguu ya bibi yake, kwa sababu kesho hatakuwepo. Nimempa A-WA. Aliosha. Alifuta. Akamwambia bibi alale. Mkono ulikuwa mzito, kama nafundishwa kuandika. Ukurasa si mzuri. Wake Nyandeng ungekuwa mzuri.

Jumamosi, 22 Juni

Mchapishaji ameandika. Amechukua wa Nyandeng.

Wangu wameusifu kwa upana wa mawazo. Wamesema hawakupata wa kumpenda. Ukurasa wa bibi haukuwemo, ulikuwa haujazaliwa walipopelekewa.

Nilimpigia Nyandeng kumpongeza. Alipiga kelele ya furaha, akaniita mwalimu, akaniuliza atavaa nini Nairobi na kama ruhusa itatoka kwa wakati. Nikamjibu yote. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nikakata, nikaketi sakafuni.

Naona wivu. Haukuondoka Machi, haukuondoka na ramani. Nilidhani ukitubu unaondoka. Umepungua urefu tu, sasa naweza kuona juu yake.

Jumanne, 25 Juni

Mgomo wa walimu umeanza. Shule kimya. Ekal amenipitia nyumbani, amekaa, amekunywa maji. Nikamsomea ule ukurasa mmoja. Amesema nikitaka kurudi na kijana wa bibi, nusu saa ipo. Nikasema bado.

Jumapili, 14 Julai. Kalokol

Mgomo unaendelea, nimekuja kwa Mama. Asubuhi kanisani. Mchana tumekaa kivulini nje ya nyumba tukipasua sato wa jana. Upepo wa ziwa ulikuwa mtulivu. Redio imeisha betri, hakuna aliyesikitika.

Mama aliuliza nafanya nini siku hizi na karatasi zangu. Nikamwambia naandika ile ile, ya Sarumbe. Nikangoja aseme wafalme ni wengi. Alipasua samaki mwingine, akatoa matumbo, akawatupia ndege.

"Huko kwako," akasema, "mvua inanyesha lini?"

Hajawahi kuniuliza chochote cha kule. Niliweka kisu chini. Kisha nikamwambia. Mvua ya kwanza inatoka mashariki, ni nyepesi, inaitwa mvua ya vifaranga. Halafu kuna miezi miwili ya upepo mtupu. Halafu ile kubwa, inayojaza mito ya milimani mpaka madaraja yanafungwa, na wafugaji lazima wawe wameshavuka.

"Na wakichelewa?"

"Wanakaa ng'ambo mpaka maji yashuke."

"Nyasi iko huko ng'ambo?"

"Iko. Fupi, lakini iko."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya safari. Akauliza mbuzi wa kule wana rangi gani, wanazaa mapacha, na nani anachimba visima. Yote nilikuwa nayajua. Nilijibu moja moja, bila haraka, mpaka karai likajaa samaki na jua likahamia miguuni kwetu. Tukasogeza viti.

Sasa amelala. Mimi naandika. Sikumkumbuka Nyandeng leo mpaka nilipoandika tarehe.